Zawadi Isiyo na Jina

Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, tukapewa alama zetu, tukaisahau. Lakini je, mpenzi msomaji, umewahi kumwona mtu akiitimiza? Sisemi kuitaja, nasema kuitimiza: atende wema halafu aende zake kweli, asisubiri hata neno "asante".

Kabla sijakueleza kuhusu watu walioitimiza, hebu nianze na jambo ambalo sote hapa tunalikumbuka. Muhula wa pili mwaka jana, mwalimu wa zamu aliokota karatasi nyuma ya bwalo alfajiri. Haikuwa na jina. Ilikuwa na maneno machache ya kulalamikia maharagwe na moko, na mwisho wake kulikuwa na vitisho. Gwaride likaitwa kabla ya chai. Masanduku yakapekuliwa. Baadhi yetu tuliitwa afisini mmoja mmoja tuandike sentensi kadhaa, ati hati zetu zilinganishwe na ile ya karatasi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Hati yangu ilifanana na ile, jamani, nami sikuiandika.

Mwishowe hakuna kilichotokea. Hakuna aliyegoma, hakuna hata kioo kilichovunjika. Lakini kwa majuma mawili tuliishi kama paka na panya. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni: Ni wewe? Ni yule wa kitanda cha juu? Au ni kiranja mwenyewe? Mkono mmoja tusioujua ulitufanya tumshuku kila mtu kwa ubaya.

Makala haya yanahusu kinyume cha karatasi ile. Yanahusu mkono usiojulikana ambao huacha kitu kizuri.

Sanaa ya siri ni nini?

Ni kitu kilichotengenezwa kwa mkono, kiwe kengele, ua la uzi, sanamu ya karatasi au jiwe lililopakwa rangi, kikaachwa mahali pa watu wote bila jina la aliyekitengeneza. Atakayekiona akifurahie, au akichukue kiwe chake. Hakiuzwi. Hakitangazi duka wala mwanasiasa. Hakimwombi mtu chochote, ila pengine kimwombe naye awatendee wengine wema.

Usidhani hili ni jambo la watu wasio na kazi. Mfano ninaoujua vizuri zaidi ulizaliwa kutokana na msiba.

Kengele za Ben

Mji wa Tucson uko katika jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani. Ni nchi ya jangwa, ya jua kali na mipungate inayozidi nyumba kwa urefu. Mwezi wa Machi 2002, mama mmoja wa mji huo, Jeannette Maré, alifiwa na mtoto wake wa kiume, Ben. Ben alikuwa hajatimiza miaka 3. Alishikwa na ugonjwa wa watoto unaovimbisha njia ya hewa, akaaga dunia.

Aliyewahi kufiwa anajua yanayofuata. Siku za matanga nyumba hujaa. Baadaye watu hurudi makwao, na ulimwengu unaendelea kana kwamba hakuna lililotukia. Dukani watu wanapanga foleni, barabarani magari yanapiga honi, nawe umebeba mzigo ambao hakuna auonaye. Maré aligundua kwamba kilichomsukuma kutoka siku moja hadi nyingine kilikuwa wema mdogo mdogo wa watu, wengine wakiwa hawamjui wala hawana habari kwamba amefiwa. Tabasamu la mtu wa kupita tu lilimtosha kufika jioni.

Akaanza kufinyanga udongo pamoja na jamaa na marafiki. Walitengeneza shanga na maua, wakayapaka rangi, wakayachoma katika tanuu, wakayatunga kwenye kamba, na chini kabisa wakafunga kengele ndogo ya chuma inayolia upepo ukivuma. Mwezi wa Machi 2003, mwaka mmoja tangu Ben afariki, walitundika kengele 400 huku na huko mjini Tucson. Kila kengele ilikuwa na kikaratasi kilichomwambia atakayeiona aichukue aende nayo nyumbani, na aeneze wema.

Jiweke mahali pa mtu wa Tucson asubuhi ile. Unakwenda kazini umenuna. Ghafla unasikia kitu kinalia juu ya tawi. Unatazama huku na huku, hakuna mtu. Unasoma kikaratasi: kumbe ni chako! Hukukipigania, hukukinunua, wala hukujulikana na aliyekitengeneza.

Kengele zile 400 hazikuwa mwisho. Watu walitaka kusaidia kutengeneza nyingine, na likazaliwa shirika lisilo la kibiashara lenye karakana ambamo yeyote anaweza kuingia na kufinyanga kwa kujitolea. Kengele moja hupita katika mikono ya watu wengi: huyu anaviringisha shanga, yule anapaka rangi, mwingine anatunga. Wengi hawaonani kamwe. Hata ungetaka kutia sahihi kwenye kengele, ungetia ya nani?

Tarehe 8 Januari 2011, mtu mwenye bunduki aliwafyatulia risasi watu waliokutana na mbunge wao nje ya duka moja la Tucson. Watu 6 walikufa, miongoni mwao msichana wa miaka 9. Mji ulipigwa na butwaa. Jambo la namna hii hufanya kazi kama ile karatasi yetu ya nyuma ya bwalo, ila mara elfu: mtu huanza kumwogopa kila mgeni anayemkaribia. Wakazi wa Tucson wakafanya nini? Waliingia mitaani wakatundika mamia kwa mamia ya kengele. Na baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule moja ya Newtown, jimbo la Connecticut, mwezi wa Desemba 2012, kengele zilizofinyangwa Tucson zilisafirishwa hadi huko na kutundikwa. Mji uliokwisha kulia ulikwenda kumbembeleza mwenzake.

Kengele haimfufui mtu. Maré mwenyewe alilijua hilo kuliko yeyote. Inachofanya ni kumjulisha aliyevunjika moyo kwamba katikati ya watu asiowajua, yupo aliyemfikiria.

Sanamu za karatasi

Mfano wa pili unatoka Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Mwaka 2011, wakati maktaba nyingi za Uingereza zilikuwa zikikatiwa fedha na nyingine kufungwa, wafanyakazi wa maktaba ya mashairi mjini humo walikuta kitu mezani. Ulikuwa mti mdogo uliochongwa kwa karatasi, umeota juu ya kitabu. Pembeni kulikuwa na ujumbe wa kuunga mkono maktaba, vitabu, maneno na fikira. Hakukuwa na jina.

Mwaka ule zilipatikana sanamu 10 za aina hiyo katika maktaba, majumba ya makumbusho na sehemu nyingine za utamaduni. Moja ilikuwa mnyama wa kale mwenye meno makali akichomoza kutoka kwenye kurasa za riwaya ya Arthur Conan Doyle, The Lost World. Magazeti yalimtafuta msanii, wapi! Alichokubali kusema katika ujumbe wake wa mwisho mwaka huo ni kwamba yeye ni mwanamke ambaye maisha yake tangu utotoni yangekuwa na upungufu kama asingeweza kuingia maktaba na makumbusho bila kizuizi. Basi. Alilipa deni lake akaenda zake.

Kwa nini bila jina?

Hapa ndipo wenzangu chamani walipobishana sana. Mmoja alisema kazi isiyo na jina ni ya mwoga. Mwingine akasema ni hasara: mbona nijitaabishe nisisifiwe? Nitajibu kwa sababu tatu.

Kwanza, zawadi yenye jina huja na deni. Jirani akikupa ndizi leo, kesho utawaza utampa nini. Si vibaya, ndio ujirani huo. Lakini mtu aliyechoka au aliyefiwa hana nguvu za kulipa deni jingine. Zawadi isiyo na jina humruhusu apokee tu.

Pili, mwenye kutenda hujipima. Ukijua hakuna atakayekusifu, swali linalobaki ni moja: je, kitu hiki ni kizuri kweli? Dini zetu pia zinatufundisha kwamba sadaka ya siri ina thamani kuliko ile ya kupigiwa tarumbeta.

Tatu, na hii ndiyo kubwa. Usipomjua aliyekutendea wema, inakubidi umshuku kila mtu kwa wema. Huenda ni yule mzee mkali wa kibanda cha viatu. Huenda ni yule kijana usiyemsalimia. Karatasi ya nyuma ya bwalo ilitufanya tuone adui katika kila uso. Kengele mtini humfanya mtu aone rafiki katika kila uso. Njia ni ile ile ya siri, ila kinachopitishwa ni tofauti kama usiku na mchana. Jina lingeandikwa, shukrani zingemwendea mtu mmoja. Lisipoandikwa, zinauendea mtaa mzima.

Tena sisi wa Chama cha Kiswahili tusilione jambo hili kuwa la wageni. Methali zetu zilitungwa na nani? Mwulize mwalimu yeyote, atakujibu "wahenga". Wahenga gani? Wa kijiji gani? Hakuna ajuaye. Walisema, wakaenda zao, nasi tunakula matunda yao kila siku. Itazame leso pia. Maneno yake huitwa jina la leso. Pindoni huenda ukaona alama ya mfanyabiashara, lakini aliyetunga maneno yale yanayomliwaza mama au kumchoma mtu moyo, mara nyingi humjui. Leso ina jina, mtungaji wake hana!

Tulivyojaribu sisi

Maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hivyo muhula wa tatu tulijaribu. Juma moja kabla ya ndugu zetu wa Kidato cha Nne kuanza mtihani wao, wanachama tulitengeneza vitu 60: maua ya uzi wa kufuma, vialamisho vya vitabu vilivyokatwa kutoka katoni na kupambwa kwa vipande vya kitenge, na samaki waliochongwa kutoka ndara kuukuu. Wazo la ndara tuliliiga kutoka kwa wachongaji wa hapa Kenya ambao hugeuza ndara zilizookotwa ufuoni kuwa twiga na kasa. Kila kitu kilifungiwa kikaratasi chenye maneno machache ya kutia moyo. Tulipiga kura mahali pa kuviacha, na hakuna aliyemwambia mwenzake amepata wapi.

Sasa sikiliza kioja. Vitu vya kwanza viwili vilionekana na naibu wa mwalimu mkuu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Karatasi! Hazina jina! Akavitia mfukoni moja kwa moja hadi afisini, na viranja wakaitwa. Tulikuwa tumemwarifu mlezi wetu wa chama peke yake, naye alikuwa bado hajafika. Ilikuwa saa mbili ndipo alipokuja kueleza kwamba hiyo haikuwa ilani ya mgomo bali samaki wa ndara. Nasikia naibu alicheka mpaka akavua miwani. Samaki yule sasa ananing'inia kwenye dirisha la afisi yake, nenda ukamwone.

Si kila kitu kilikwenda vyema. Kialamisho kimoja kilikutwa kimechanwa, kimekanyagwa matopeni. Maua mawili yaliliwa na mbuzi wa jirani pale langoni. Lakini mpishi aliyezoea kulaumiwa kwa maharagwe alikuta ua kwenye mpini wa mwiko wake mkubwa, akalichomeka kwenye kitambaa cha kichwa na kulivaa siku tatu. Na mama auzaye mandazi nje ya lango alituuliza, kila mmoja wetu kwa zamu, "Ni wewe mwanangu uliyeniwekea?" Kila mmoja akakataa. Siku hiyo aliongeza andazi moja kwa kila mteja, maana, alisema, hajui amwache nani.

Nami nina langu la kusimulia. Jioni ya siku ya pili, wakati wa prepu, nilifungua kamusi yangu. Ndani mlikuwa na kialamisho ambacho sikukitengeneza mimi. Kikaratasi chake kilisema: "Tulijua si wewe." Maneno matatu tu. Tangu siku ile ya kuandikishwa sentensi afisini, kuna wenzangu ambao hawakuwa wakikaa nami meza moja, na mimi nilikuwa nimewawekea kinyongo. Niliinua macho nikatazama darasa zima. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama vitabuni. Sikujua nimshukuru nani. Ikanibidi niwasamehe wote.

Ukitaka kuanza mtaani kwenu

Likizo inakuja, na kila mmoja wetu ana mtaa wake. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Mosi, mwarifu mtu mzima mmoja anayeaminika: mzee wa mtaa, mzazi au mwalimu. Siri isiwe ya kumtia mtu hofu. Yaliyotupata na naibu yawe funzo kwako.

Pili, tumia vilivyopo. Vizibo vya soda, vitambaa vya fundi wa nguo, uzi uliobaki, magazeti ya zamani. Ukitaka kufinyanga udongo, kumbuka kwamba udongo usiochomwa ukaiva utageuka matope mvua ya kwanza ikinyesha. Uchomaji una ufundi wake. Pale Karen, Nairobi, karakana ya shanga ya Kazuri iliyoanzishwa mwaka 1975 imekuwa ikitegemea udongo na tanuu kwa miaka mingi. Kama huna tanuu wala mwalimu, anza na karatasi na uzi.

Tatu, chagua mahali kwa busara. Usipigilie misumari kwenye mti, usiguse nguzo za stima wala vibao vya barabarani, na usiingie uwanja wa mtu bila ruhusa. Mahali pazuri ni pale watu wanapongoja: kwenye foleni ya maji, kituo cha matatu, benchi la zahanati. Anayengoja ana nafasi ya kuona.

Nne, usiache takataka. Tumia uzi na karatasi badala ya plastiki. Baada ya juma moja pita tena, na ulichokiona kimechakaa ukiondoe. Shanga na vitu vidogo visiachwe mahali ambapo mtoto mchanga anaweza kuvitia kinywani. Na mbuzi usiwasahau!

Tano, maneno yawe machache na yasiwe mahubiri. Usimwambie mtu asiyekujua aache huzuni yake. Mwambie tu kwamba kitu hiki ni chake.

Sita, nayo ni ngumu kuliko zote: funga mdomo. Utatamani kumnong'onezea rafiki mmoja tu. Rafiki naye ana rafiki. Siri ya watu wawili si siri tena, na wema uliotangazwa umekwisha kulipwa.

Tamati

Nimewasikia watu wakisema kwamba mtaa ulioharibika hutengenezwa na taa za barabarani, maji na polisi. Kweli, hivyo vyote vyahitajika, na ua la uzi halizibi shimo barabarani. Lakini mtaa si barabara peke yake. Ni watu wanaopishana asubuhi, na kila mmoja ana anayomdhania mwenzake. Tukidhaniana mabaya, taa zote za jiji hazitatutoa gizani. Kinachoweza kubadilisha dhana hiyo ni kitu kidogo kisicho na mwenyewe, kilichowekwa mahali ambapo hukukitarajia.

Waliokwenda kulala usiku ule nyuma ya karatasi ya bwalo hatukuwajua hadi leo. Aliyeandika maneno matatu ndani ya kamusi yangu pia simjui. Wote ni wa shule hii hii, na huenda, Mungu ndiye ajuaye, ni mtu mmoja.

Na maadamu nimeyasifu mambo yasiyo na jina, mhariri ameniruhusu nisitie langu hapa chini. Nimesema yangu, naenda zangu.